Mama Uzi Anajifunza Kuamuru

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Uzi haogopi kitu. Nyoka aliyejificha stoo alimtoa kwa ufagio, mkaguzi wa leseni aliyekuja kwa vitisho alimtoa kwa ulimi, na wa pili ndiye aliyekimbia zaidi. Lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na kitu alichokipitia mbali, kama mtu anayekwepa macho ya mkwewe. Kitu hicho kilikuwa kompyuta ya mumewe.

Ilikuwa kompyuta ya zamani hasa. Rangi yake iliwahi kuwa nyeupe, sasa ilifanana na meno ya mvuta tumbaku. Haikuwa na picha za kubofya wala kipanya. Ukiiwasha ilikohoa, ikanguruma, ikahesabu mambo yake, halafu ikakuachia skrini nyeusi tupu yenye herufi C pembeni na kimstari kinachowaka na kuzimika, kikingoja. Kinangoja nini, Mama Uzi hakujua na hakutaka kujua. "Kinanitazama," alikuwa akilalamika, na kila alipomaliza kazi alikitupia kitambaa usoni.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yao. Dirishani palikuwa pake: meza ndefu ya kukatia, cherehani, chuma cha kupigia pasi, na mashati ya sare za shule yakining'inia mpaka yakazuia mwanga. Ukutani palikuwa pa mumewe, ambaye watu walimwita Bwana Nembo kwa sababu ya kazi yake. Yeye alichora nembo za mfukoni kwenye karatasi ya miraba, akaugeuza kila mshono kuwa namba, namba akaziandika kwenye kompyuta. Kisha alizinakili kwenye diski, kile kibapa cha plastiki kinachoenea kiganjani, akaichomeka diski kwenye mashine ya kudarizi iliyokaa pembeni. Mashine ikashona kile kilichoandikwa. Mke akakata, mume akanakshi, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya nani kahamisha mkasi.

Nembo aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya shule ya msingi ya jirani: ndege mnana, yule fundi wa kufuma viota. Mara ya kwanza alimchora mnana mtupu. Mwalimu mkuu akaipokea, akaisifu, wazazi wakanunua mashati. Bwana Nembo hakuridhika. "Mnana asiye na jani mdomoni ni ndege gani?" alisema kwa miaka. "Huyo ni shomoro aliyevaa vizuri." Mwishowe akamchora upya, safari hii ameshika jani la kijani, na akahangaika naye kweli, pua imegusa karatasi, maana wakati huo macho yalikwishaanza kufifia.

Presha ya macho ilimla taratibu kuanzia pembeni, jinsi nondo anavyokula kitambaa, mpaka katikati pakabaki tundu la mwanga, na siku moja tundu nalo likafumba. Mnana mwenye jani alikuwa kitu cha mwisho alichokichora kwa macho yake.

Tangu hapo Bwana Nembo alikaa kwenye kigoda mlangoni. Alikunja vipande vya vitambaa ambavyo havikuhitaji kukunjwa. Aliuliza saa, akajibiwa, akauliza tena. Mtu aliyekuwa na maneno kama redio alianza kujibu "sawa" kwa kila kitu, na Mama Uzi, aliyepigania maisha yake yote asikilizwe, aligundua kwamba hakuna neno linaloumiza kama hilo sawa.

Binti yao, ambaye alikuwa nesi na aliyezoea kuwapangia wagonjwa, aliwapangia na wazazi. "Mama, nembo siku hizi unaagiza kwenye karakana kubwa, zinakuja zimeshashonwa, wewe unabandika tu. Hii kompyuta nimtafute mtu wa vyuma chakavu aichukue pamoja na hiyo mashine, mpate nafasi ya kupumua. Baba apumzike jamani."

Mama Uzi alijua binti anasema kweli. Ila alikuwa ameona kupumzika kunavyomfanya mumewe. Kompyuta ile ikitoka mlangoni, Bwana Nembo atakuwa ametoka nayo, hata kama mwili utabaki kwenye kigoda.

"Niache mpaka shule zifunguliwe," alisema. "Shule ya mnana wameleta oda ya mashati mapya. Nembo yao nikiishona hapa hapa, vitu vinabaki. Nikishindwa, mlete huyo mtu wako."

"Na kompyuta ataiendesha nani?"

"Mimi."

Binti alicheka mpaka akatafuta kiti. Kule mlangoni baba yake hakucheka. Aligeuza uso upande wa sauti ya mkewe, akasema, "Mke wangu, wewe hata rimoti ya televisheni unaipigia kelele."

"Naipigia," alijibu Mama Uzi, "na inanisikia."

Kesho yake asubuhi alikivuta kigoda kutoka mlangoni mpaka ukutani, akamkalisha mumewe kando yake, akaondoa kitambaa na kuwasha. Kompyuta ikakohoa.

"Unaona nini?" aliuliza Bwana Nembo.

"Giza, na C. Nukta mbili zimepandana. Kimstari kimelala chali. Halafu kama mdomo wa ndege, umeelekea huku kulia."

"Hapo inakwambia: nipo, sema. Haya, andika D. Halafu I. Halafu R. Umemaliza? Bonyeza ile kubwa yenye mshale uliopinda."

Akabonyeza. Maandishi yakamwagika kutoka juu mpaka chini, naye akaruka na kiti chake. "Mama yangu! Imetapika!"

"Haijatapika. Hiyo ni orodha ya vitu vilivyomo. Ukiingia chumba usichokijua kitu cha kwanza si unawasha taa? Basi DIR ndiyo taa. Ukipotea, DIR. Ukiogopa, DIR."

"Mimi siogopi."

"Sawa," alisema Bwana Nembo, lakini hii ilikuwa sawa ya aina nyingine, yenye kicheko nyuma yake, na Mama Uzi aliisikia vizuri sana.

Masomo hayakwenda kama maji mtelezoni. Alipoambiwa aingie kwenye chumba cha nembo, aliandika CD na NEMBO kwa mkupuo mmoja, na kompyuta ikamrudishia maneno makali.

"Inasema amri yangu mbovu," alisema, sauti imepanda. "Nimekaa nayo nyumba moja miaka yote hii, inanitusi!"

"Hukuacha nafasi. CD ni nenda. NEMBO ni wapi. Katikati lazima upumue."

"Mtoto mdogo angeelewa nilichotaka."

"Mtoto ana akili. Hii haina akili, ina utii tu. Inafanya ulichosema, haifanyi ulichotaka."

Mama Uzi alimtazama mumewe kutoka kichwani mpaka miguuni. "Basi ni kinyume chako. Wewe akili unazo, huo utii ndio sijawahi kuuona."

Bwana Nembo akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani cha kupiga paja, na mwuza mkaa aliyekuwa akipita nje akachungulia dirishani kuona kuna nini. Mama Uzi alijifanya kuinama kutafuta pini, maana machozi yalikuwa yamemjia na hakutaka mwuza mkaa ayatangaze.

Amri aliziandika kwa chaki ya fundi kwenye ubao wa meza ya kukatia. Kila alipotandaza kitambaa zilifutika, naye akalazimika kuuliza upya, na kila alipouliza mumewe alijinyoosha kwenye kigoda na kuanza maelezo marefu kuliko swali. Taratibu amri zikahamia kwenye mazungumzo ya nyumbani. CD na nukta mbili maana yake ni rudi nyuma chumba kimoja, na jirani yake wa ukuta alipokuja na umbea uliopita kiasi, Mama Uzi alimkata: "CD nukta nukta, shoga. Umeingia chumba kisicho chako." Jirani hakuelewa, ila alirudi nyuma.

COPY, amri ya kunakili, alifundishwa siku ambayo alikuwa anapambana na kola. "Unaandika COPY," alisema Bwana Nembo, "halafu kile unachonakili, halafu kule unakokipeleka. Na uangalie, hii kompyuta ni ya zamani, haiulizi mara mbili. Umesikia?" Mama Uzi, pini mdomoni, akaitikia mhm. Akili yote ilikuwa kwenye kola.

Amri hiyo ndiyo waliyoihitaji. Diski waliyoitumia mwaka uliopita ilikuwa imeota ukungu, haisomeki tena. Mnana mwenye jani alibaki ndani ya kompyuta peke yake, na ilibidi anakiliwe kwenye diski nyingine ndipo mashine ya kudarizi imshone.

Siku moja binti alikuja kumchukua baba yake kumpeleka kliniki. Mama Uzi akabaki peke yake na skrini, na shetani wa kutaka sifa akamkalia begani. Akawaza: wakirudi wakute kila kitu tayari. Bwana Nembo akae tu, asikie mashine ikimwimbia ndege wake.

Akatafuta diski nzima kwenye droo, akaipata, akaichomeka. Akaandika COPY, akapumua kama alivyofundishwa. Sasa, kipi kwanza?

Hapo hakuona hata haja ya kufikiri. Maisha yake yote alikuwa akikata nguo kwa utaratibu mmoja. Unatandika kitambaa kwanza, unakilainisha kwa kiganja, ndipo unaweka karatasi ya kukatia juu yake. Wanagenzi wangapi amewapiga vidole kwa kuanza na karatasi! Na hapa diski ndiyo kitambaa, kinachongoja kupewa umbo. Basi akaandika diski kwanza, ndege wa kwenye kompyuta akamweka nyuma. Akabonyeza ile kubwa. Kompyuta ikasaga meno kidogo, ikasema faili moja imenakiliwa. Mama Uzi akacheza peke yake katikati ya chumba, utepe wa kupimia ukiruka shingoni.

Jambo asilolijua ni kwamba diski ile ya droo ilikuwa ya zamani, na ndani yake alikuwamo mnana wa kwanza, yule mtupu, naye alikuwa na jina lile lile la yule mpya. Kompyuta ilifanya ilichoambiwa. Ilimchukua ndege wa kwenye diski ikamweka juu ya ndege mwenye jani, bila kuuliza.

Binti alimshusha baba yake getini akawahi zamu. Mama Uzi alimpokea mumewe kwa mikono miwili. "Kaa hapa. Leo usifanye chochote, sikiliza tu."

Akaitia diski kwenye mashine ya kudarizi, akafunga kitambaa kwenye fremu, akawasha. Sindano ikaanza kugonga. Bwana Nembo aliinua kidevu, uso wote ukafunguka. Mashine ile ilisimama yenyewe kila rangi ilipokwisha, ikangoja ubadilishiwe uzi. Ikasimama baada ya kahawia ya mabawa. Mama Uzi akabadili. Ikasimama baada ya nyeusi ya kichwa. Akabadili. Ikashona njano ya kifua, ikalia mlio mrefu, ikanyamaza.

Mama Uzi akageuka apigiwe makofi. Akamkuta mumewe amenyoosha mkono kuelekea kwake, na kiganjani mna kibunda cha uzi wa kijani, ambacho alikuwa amekipapasa mwenyewe kwenye rafu kwa kukumbuka kilipokaa.

"Chukua," alisema. "Zamu ya kijani."

"Imemaliza, Baba."

"Haiwezi kuwa imemaliza. Bado jani."

Mama Uzi akatazama fremu. Palikuwa na shomoro aliyevaa vizuri.

"Labda umechukua diski ya zamani," alisema Bwana Nembo, bado ametulia. "Si kitu, yule mwingine yumo kwenye kompyuta. Uliandikaje?"

Akamwambia, neno kwa neno. Hata kabla hajafika mwisho aliona mkono wenye uzi wa kijani ukishuka taratibu mpaka gotini.

"Ulitandika kitambaa kwanza," alisema Bwana Nembo.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amemwona mkewe akitandika kitambaa kwa miaka mingi, na alijua kosa hilo lilikotoka kuliko alivyolijua mwenyewe. Lakini aliinuka, akapapasa ukuta, akatoka kwenda uani peke yake.

Majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu alimkalia Mama Uzi mapajani. Alijiita mpumbavu, akajiita majina mengine ambayo hata mkaguzi wa leseni hakuyapata. Shati lililoungua na pasi unakata jingine. Lakini huyu ndege mumewe alimchora wakati mwanga unamwisha, na hatapata mwanga mwingine wa kumchorea. Alitaka kumrudishia mahali pake, badala yake amemfutia kitu cha mwisho alichokiona. Akachukua simu akampigia binti. "Mlete mtu wako wa vyuma," alisema. Binti alisikia alivyosema. Akajibu tu kwamba watakuja Jumamosi.

Kisha akakaa. Mbele yake, kwenye kapu la kushonea upya, palikuwa na shati la mtoto wa jirani, la mwaka uliopita, lililoletwa kuwekwa vifungo. Mfukoni, limefifia kidogo kwa sabuni, lilikuwa jani.

Alikwenda nalo uani. Hakuwa na mpango wowote, alitaka tu kumwomba radhi na kuwa na kitu mkononi. Akaliweka magotini kwa mumewe, akasema, "Huyu hapa amebaki mfukoni. Nisamehe, Baba."

Bwana Nembo alilipapasa shati, kola, kifungo, mfuko. Vidole vikafika kwenye nembo vikasimama. Halafu ukucha wa shahada ukaanza kutembea, mshono kwa mshono, kwenye mgongo wa ndege, ukapanda shingoni, ukafika mdomoni.

"Hapa nilikosea," alisema Bwana Nembo.

"Wapi?"

"Jani. Nimelinyoosha kama rula. Jani likibebwa na ndege linapinda, wewe. Siku ile sikuona vizuri." Akasugua tena kwa ukucha, na kona ya mdomo wake ikaanza kucheka. "Na mkia nimeupunja. Umewasha ile kompyuta au umezima?"

"Imewaka."

"Basi tunakaa kaa hapa nini?"

Wakarudi ndani. Akamwambia aandike EDIT, ukurasa mtupu ukafunguka, naye akaanza kusoma shati kwa ukucha na kutoa namba: kulia mbili, juu moja, kulia tatu. Mama Uzi akaandika kwa vidole viwili. Waligombana kuanzia asubuhi mpaka jioni, siku kwa siku. "Umesema juu au chini?" "Juu! Ndege gani anaruka kwenda chini?" "Anayetua!" Chakula kilipoa wakala kikiwa kimepoa. Hakuna aliyeuliza saa.

Walipofika kunakili, Bwana Nembo alimshika mkono. "Kipi kwanza?"

"Karatasi kwanza, kitambaa baadaye," alisema Mama Uzi. "Mambo yenu ya kinyume nyinyi."

Jumamosi binti alifika, nyuma yake mtu wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Walisimama mlangoni, kwa sababu hakuna aliyewakaribisha. Mashine ya kudarizi ilikuwa inagonga. Ikasimama. Baba yake, bila kugeuka, akanyoosha mkono wenye uzi wa kijani, na mama yake akaupokea bila kutazama, akaupitisha kwenye tundu la sindano, na mashine ikaendelea. Jani likatokea, limepinda, kana kwamba ndege yumo kwenye upepo.

Binti alimpa mtu wa vyuma pasi mbovu iliyokuwa stoo, akamwomba radhi kwa usumbufu.

Shule zilifunguliwa na mashati yalikwenda. Oda nyingine zikaja, si nyingi, za kutosha mtu kuwa na la kufanya. Binti akawa anapitia asubuhi akitoka zamu ya usiku, anakunywa chai kwenye meza ya kukatia, na hapo ndipo alipoona jambo. Ubao wa meza ulikuwa safi, hauna chaki hata alama, na mama yake alikuwa akizunguka ndani ya ile skrini nyeusi kama anavyozunguka jikoni kwake. Hata hivyo kila siku, baada ya kuiwasha, alimgeukia mumewe aliyekaa kwenye kigoda na kuuliza, "Baba, hebu nikumbushe, hapa tunaanza na nini?"

Na wakati anauliza vidole vyake vilikuwa vimeshaandika, D, I, R, vyote vitatu.

"Mama," alinong'ona binti, "si unajua?"

Mama Uzi alimkata jicho. Ndipo binti alipomtazama baba yake. Huyu ni mtu aliyetambua kwa masikio tu kwamba ndege amekosa jani. Vitufe vya kibodi ile viligonga kama kokoto kwenye bati, vitatu, hatua moja kutoka alipokaa. Haiwezekani hakusikia.

Bwana Nembo alijinyoosha kwenye kigoda chake, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"D," alisema.

Mama Uzi alikuwa ameweka kidole juu ya ile kubwa yenye mshale uliopinda. Hakuibonyeza. Alingoja.

"Halafu I."